Kwa Miguu hadi Kashozi, na Lubugo Begani

Mjapani alikuwa na likizo ya siku tano, na alitaka kuimaliza yote kwa kutembea. Hakuwa na maana ya kutembelea watu, ukae, ule, unywe, uage mara tatu ndipo uondoke, kama tunavyotembea sisi. Alitaka kwenda kwa miguu kutwa nzima, alale, kesho yake aende tena. Nilimwuliza kama gari la mradi wao limeharibika. Akasema gari ni zima kabisa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio, wakati kila mtu alikuwa anajenga taifa na hakuna aliyeonekana njiani bila sababu. Mtu uliyekutana naye alikuwa anakwenda shambani, mkutanoni, kanisani, msikitini au msibani. Kwenda kwa ajili ya kwenda tu, sijui ungemweleza vipi balozi wa nyumba kumi.

Mjapani huyo alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, ameletwa Bukoba kuwafundisha wavuvi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kishanda, upande wa Muleba. Kila shule ilipofunga nilikwenda Bukoba mjini, nikapanga chumba kwa mzee mmoja Mwislamu karibu na soko, nikamfundisha Mjapani Kiswahili. Alizijua ngeli zote kuliko mimi, ila haraka hakuijua. Akianza sentensi ungeweza kwenda kuchota maji, ukarudi ukamkuta bado anaitafutia kitenzi.

Siku moja akanieleza habari za kwao. Wao ni watu wa dini ya Buddha, na huko milimani kuna njia za hija za zamani sana, zinazokwenda hekalu hadi hekalu, kupanda na kushuka, majuma kadhaa. Baba yake alimpeleka alipokuwa mdogo. Mbele yao alitangulia kiongozi aliyeijua njia, mzee aliyewaonyesha pa kunywa maji na pa kunyamaza. Kila hujaji alivaa shati jeupe na kushika fimbo yenye kengele ndogo, na kwenye kila hekalu aligongewa muhuri katika daftari lake.

"Shati jeupe ni nguo ya kuzikwa," alisema. "Mtu akifia njiani, yuko tayari."

Alisema hivyo bila huzuni yoyote, kama anayekueleza kwamba amebeba mwavuli. Kisha akauliza kama huku kwetu hakuna njia ya hija, na kama ipo, je, ningekubali kuwa kiongozi wake?

Ningesema hapana, mambo yangekwisha pale pale. Lakini mwalimu kijana hapendi kusema kwamba kwao hakuna kitu fulani. Nikamwambia ipo. Zamani, kabla ya barabara, watu wa Muleba waliotaka ubatizo walikuwa wakienda kwa miguu hadi misheni ya Kashozi, mbele ya Bukoba, siku tatu au nne, ndizi zao kichwani. Bibi yangu mzaa baba alikwenda hivyo. Nikaongeza kwamba njia yenyewe naijua vizuri. Ukweli ni kwamba niliijua kwa kusimuliwa.

Nilichomficha ni kwamba njia hiyo, kabla haijafika Kashozi, inapita Kitendaguro, mbele ya kibanja cha baba yangu, shamba la migomba lenye nyumba yetu katikati.

Nilikuwa nimeacha seminari miaka minne nyuma. Nilipelekwa huko nikiwa mdogo, na baba alikuwa ameshaitangazia parokia nzima kwamba nyumbani kwake patatoka padri. Alikuwa ameshapanda kipande kizima cha migomba ya pombe kwa ajili ya sherehe ya misa yangu ya kwanza, na migomba ile iliendelea kuzaa kila mwaka, padri hayupo. Nilitoka nikaenda chuo cha ualimu kwa sababu nilitaka kuwafundisha watu kusoma, na kwa sababu nyingine ambazo baba hakutaka kuzisikia. Alinisimamisha pale njia inapoingia kibanjani, mbele ya mama na mbele ya shangazi, dada yake mkubwa. Akasema, "Hapa hutakanyaga tena mpaka siku ya kunizika." Kisha akageuka, akaenda kupunguzia migomba yake majani. Mzee wa Kihaya wa umri wake akitamka neno mbele ya dada yake, neno hilo limetamkwa.

Kutoka chumba changu cha mjini hadi nyumbani ulikuwa mwendo wa saa moja. Sikwenda hata mara moja. Mama nilikuwa nikimwona kanisani kwa mbali, naye alikuwa akinitazama wakati wa mahubiri, kwa sababu wakati huo baba alisinzia. Nilijiambia kwamba sijali, na siku nyingi niliamini. Lakini jambo moja lilinitisha, nalisema wazi: kwamba baba angekufa kweli tukiwa hivyo, na mimi ningeingia nyumbani kwetu kwa njia ile aliyonipangia yeye.

Kwa hiyo nami nilijipangia njia. Tukikaribia Kitendaguro tutaiacha njia ya wazee, tutashuka bondeni na kuibukia mbele. Niliona hija haiharibiki kwa kona moja.

Tulianzia Kishanda. Asubuhi ya kuondoka Mjapani alitoka amevaa shati jeupe lisilo na kola, na fimbo mkononi, na kengele yake ndogo imefungwa juu ya fimbo kwa kamba nyekundu. Akaniuliza, "Mwalimu, watu wa hapa wanazikwa na nguo gani?"

Nikamwambia siku hizi ni shuka, ila wazee wengi bado wanazikwa kwa lubugo, nguo ya gome la mti linalopondwa mpaka likalainika. Akafikiri. Akasema basi angependa kubeba lubugo, maana njia hii ni ya huku, na si adabu mtu kufia ugenini na nguo ya kwao.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa langu peke yangu. Mimi nilikulia seminari. Sala za maziko nilizijua kwa Kilatini mwanzo hadi mwisho, lakini sikujua kile anachokijua kila mtoto aliyekulia kibanjani: kwamba lubugo mpya haibebwi wazi njiani ila na mtu anayekwenda kuzika. Ukiihitaji kwa kazi nyingine unaifunga ndani ya majani ya migomba, au unaificha chini ya kapu. Mzee aliyekuwa akizitengeneza pale Kishanda alipotuona alishusha nyundo yake akaniuliza, "Ya nani?"

"Ya huyu mgeni," nikamjibu.

Alimtazama Mjapani kwa huruma nyingi, akamchagulia iliyo bora kuliko zote. Nilimwona ni mzee mpole. Mjapani akaikunja vizuri, akaiweka begani, tukaondoka.

Siku ya kwanza nilitangulia kwa fahari, kama kiongozi. Kufika saa sita nilikuwa na lengelenge kila kisigino, na Mjapani, aliyekuwa nyuma yangu na mwendo wake wa kobe, hakuwa amepungua wala kuongezeka. Shuleni nilikuwa nimeandika ubaoni mara nyingi kwamba mwenda pole hajikwai. Sikuwahi kufikiri kwamba methali hiyo inahusu miguu. Alasiri alitangulia yeye, na mimi kiongozi nikawa naelekeza kutoka nyuma: kushoto, panda, vuka kijito.

Mihuri haikutusumbua. Mjapani alifikiri itakuwa vigumu, maana hatuna mahekalu. Nilimwambia awe na amani, hakuna nchi inayopenda muhuri kuliko yetu. Aligongewa kwenye ofisi ya chama, kwenye zahanati, kwenye chama cha msingi cha kahawa na kwa paroko mmoja aliyekuwa anakula. Katibu mmoja alisoma daftari zima akitafuta kibali cha safari, akakuta mihuri ya wenzake tu, akaona kwamba wakubwa wameshapitisha, akagonga wa kwake kwa nguvu kuliko wote.

Jambo moja tu lilinishangaza. Kila tulipopita, watu waliokuwa wakilima waliacha kulima. Wanaume walivua kofia. Wanawake waliotutangulia na mizigo walitoka njiani, wakashusha, wakangoja tupite, hakuna aliyeniuliza natoka wapi wala nakwenda wapi, na kwetu kutoulizwa ni jambo kubwa. Nilidhani wanamshangaa mgeni. Baadaye nikadhani, Mungu anisamehe, kwamba wanamheshimu mwalimu. Kule juu ya Kamachumu, upepo ukipiga nyasi za rweya, uwanda ule usiolimwa, na kengele ya Mjapani ikilia hatua kwa hatua, niliona safari inapendeza kweli, nikaanza hata kuisimulia kichwani jinsi nitakavyoisimulia.

Siku ya tatu asubuhi lori la ushirika lilitupita, limejaa magunia ya kahawa. Utingo aliyekaa juu ya magunia alikuwa mtu wa Kitendaguro, tulisoma naye darasa la kwanza. Nilimpungia mkono. Hakupunga. Alitutazama mimi, Mjapani na bega la Mjapani, kisha akavua kofia akaishika kifuani mpaka lori likapotea kwenye kona. Nilimwambia Mjapani kwamba watu wakipata kazi ya gari wanakuwa na maringo.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye na kila mmoja kwa upande wake, na yanakubaliana. Lori lilisimama mbele, karibu na nyumbani kwa shangazi, kupakia kahawa. Utingo akashuka, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mtoto wa kaka yako tumempita njiani. Anakwenda nyumbani, na lubugo."

Shangazi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwepo siku neno la baba lilipotamkwa. Kama mimi nakwenda Kitendaguro, basi nimeitwa, na kama nimeitwa, kuna sababu moja tu. Kilichomuuma zaidi, alisema baadaye, ni kwamba mimi nimepewa habari kabla yake. Alichukua lubugo aliyokuwa amejiwekea mwenyewe kwenye sanduku, akajifunga kanga mbili, akapandishwa juu ya magunia.

Baba alikuwa ametoka nyumbani mapema, na gunia la kahawa nyuma ya baiskeli, kwenda kupimiwa. Mama alikuwa peke yake uani anamenya ndizi. Akasikia lori, akasikia sauti ya wifi yake ikilia kutoka barabarani, akamwona anakuja na lubugo mikononi. Mama naye hakuuliza. Mumewe alikuwa mzee, alikuwa ametoka na mzigo, alikuwa amekwenda barabarani, na dada yake anatoka huko huko analia. Kisu kikamponyoka. Wakalia wote wawili, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye mwenye habari. Majirani waliosikia wakaacha majembe wakaja, wanaume na kuni, wanawake na mikungu ya ndizi. Kufika saa nane ua ulikuwa umejaa.

Sisi tulifika kwenye njia panda kama saa tisa. Nilikuwa nimeshamwonyesha Mjapani njia ya bondeni, namwambia kwamba huku kuna chemchemi nzuri, tuliposikia kilio. Kilio cha msiba hakifanani na kingine, na kilitoka upande wa nyumbani. Nilisimama. Nikajiambia ni kwa jirani, kisha nikajiambia hivyo tena. Mama mmoja jirani yetu alikuwa anapita mbio, na mkungu kichwani, na aliponiona alisimama akanishika mkono wote mpaka kwenye kiwiko.

"Umekuja, mwanangu," alisema. "Baba yako amekwisha tangu asubuhi."

Sikumbuki nilimwachaje. Nakumbuka kwamba nilikimbia, na malengelenge yangu yote mawili yakapasuka, na kwamba nilikuwa nalia kwa sauti kubwa barabarani, mimi niliyekuwa nawachapa wavulana wa darasa la saba kwa kulia. Nilikuwa nasema kitu kimoja tu, kwa Kihaya, mara nyingi. Nilikuwa namwomba angoje.

Pale njia inapoingia kibanjani sikusimama hata kidogo. Nilipita katikati ya watu nikamwangukia mama miguuni, akanishika kichwa, tukalia pamoja. Sikuuliza mwili uko wapi. Miaka minne nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia baba, mengine makali, mengine yenye hoja nzuri sana, na sasa hakukuwa na wa kumwambia, na hata hoja zenyewe sikuweza kuzikumbuka.

Mjapani aliingia nyuma yangu, polepole, kengele ikilia. Watu wakampisha. Hakuelewa maneno ya Kihaya lakini alielewa msiba. Alivua kofia, akainama mpaka kiunoni, kisha akashusha lubugo kutoka begani akaiweka kwa mikono miwili mbele ya mama, akarudi nyuma hatua tatu. Wazee waliniambia baadaye kwamba hawajaona mgeni mwenye adabu kama huyo.

Hatujui tulikaa muda gani. Kilichotokea ni kwamba kilio kilianza kukatika upande wa barabarani. Waliokuwa pembeni walinyamaza kwanza, kisha waliofuata, kisha waliofuata, mpaka akabaki shangazi peke yake, aliyekuwa amefumba macho. Mtu akamgusa bega. Akafumbua.

Baba alikuwa amesimama uani na baiskeli yake, gunia tupu limefungwa nyuma. Alikuwa amechelewa kwa sababu foleni ya mzani ilikuwa ndefu. Alitazama moto uliowashwa, mikungu, watu waliokaa chini. Akamwona mama, mzima. Akamwona dada yake, mzima. Niliona jinsi alivyokuwa akihesabu watu wake kimoyomoyo, na jinsi kila aliyemhesabu alivyompunguzia hofu na kumwongezea mashaka.

"Nani?" aliuliza.

Watu mia moja wakatazamana. Shangazi alijifunika uso kwa lubugo yake. Mzee mmoja alianza kutafuta fimbo yake ili aondoke. Nikaona kwamba kama sisemi mimi, tutakaa hivyo hadi jioni.

"Ni wewe, Tata," nikasema.

Aliegemeza baiskeli kwenye mgomba. Alichukua muda kuhakikisha haianguki.

"Nimekufa na nini?"

"Hawajasema."

Mtu nyuma akacheka, akajikohoza. Wengine wakaanza kuinuka. Baba akanyoosha mkono, "Kaeni, kaeni. Hakuna aliyewafukuza." Wakakaa. Alikwenda pale ilipokuwa lubugo ya Mjapani, akainama, akapima unene wake kwa vidole viwili, kama anavyopima jani la mgomba. Akamtazama mwenye shati jeupe, ambaye aliinama tena. Kisha akanitazama mimi. Alianza na miguu yangu, iliyokuwa na damu kwenye visigino na iliyokuwa imekanyaga ndani kabisa ya ua wake.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule njia panda. Kule nilidhani ameshaondoka na neno lake. Sasa yuko hapa, neno lipo, watu wote wanalijua, na mimi nimeingia naye yu hai. Nilianza kujiinua niondoke kabla hajaniambia.

"Ulilia?" aliniuliza.

Uso ulikuwa bado umelowa, lakini mbele ya watu wale, mwalimu mzima, ulimi ulikataa. Nikatazama chini. Baba akamgeukia mama.

"Huyu alilia?"

"Alilia, waitu," mama akamwambia kwa heshima. "Kutoka kule barabarani. Sote tulimsikia."

Baba alitikisa kichwa mara kadhaa, akitazama upande wa migomba.

"Basi mpe chakula," alisema. "Na mgeni wake."

Mama alijaribu kuinuka, akashindwa. Alijaribu tena, akishika bega langu, akarudi kukaa, anacheka na kulia kwa pamoja. Wanawake walikuwa bado wameduwaa. Baba alitungoja. Alipoona hakuna anayeinuka, alivua kofia, akainama kwenye mlango mfupi wa jiko la mama, ambamo sikuwahi kumwona akiingia tangu nizaliwe, akaingia mwenyewe kunipakulia.